Peleti zangu zilikuwa zinavunjika, nikahangaika na dai ya mashine wiki tatu nzima

Juzi nimeulizwa tena lile swali, peleti za mbao (vile vijiti vifupi vya unga wa mbao uliobanwa) zinatoka zimenyooka, zinang'aa, ukizimwaga kwenye gunia kesho yake robo nzima ni vumbi, tatizo nini? Na kila anayeuliza anakuja na jibu lake mkononi, dai (ile sahani ya matundu ya kutengenezea peleti) imeisha, au mashine haina nguvu, nibadilishe ipi. Nawaelewa kabisa maana na mimi niliwaza hivyohivyo, wiki tatu nzima nimefungua na kufunga ile mashine mpaka nati zikaanza kulegea zenyewe, na tatizo halikuwa kwenye mashine hata kidogo, lilikuwa nje, chini ya turubai, kwenye lundo la unga wa mbao.

Kwa ambaye ndo anaanza: mashine yangu ni ile ya dai bapa, yaani sahani nene ya chuma yenye matundu, juu yake kuna rola mbili zinazunguka na kusindilia unga uingie kwenye matundu, chini kuna kisu kinakata. Matundu yangu ni ya milimita 6. Zile kubwa za viwandani zina dai ya duara kama pete na rola ziko ndani, ila kinachotokea ndani ya tundu ni kilekile, unga unabanwa, unasuguana na ukuta wa tundu, joto linapanda, na kwenye mbao kuna kitu kinaitwa lignini ambacho kikipata joto na unyevu kinalainika na kushika chembe pamoja, afu peleti ikipoa kinakuwa kigumu tena. Hiyo ndo gundi yenyewe, imo ndani ya mti tayari. Ukishaelewa hilo utaona kwa nini unyevu ndo mzizi wa karibu kila kitu hapa.

Sasa kilichonitokea. Nilikuwa napima unyevu, nisije nikaonekana nilikuwa nafanya kazi gizani. Kila asubuhi nachota unga kidogo, napima, inakuja 13%, na kwa mbao unataka uwe kati ya 10 na 15, wengi tunapenda 12 mpaka 14, kwa hiyo nikawa naamini hapo pako sawa nahamia kwingine. Nikakaza rola. Nikapunguza kasi ya kulisha. Nikaongeza wanga kama kishikizo, zikaboreka kidogo siku moja afu zikarudi palepale. Nikatoa dai nikaiangalia matundu kwa tochi moja moja. Na muda wote huo sindano ya amita (kipimo cha umeme unaovutwa na mota) ilikuwa inacheza, inapanda inashuka inapanda, na mlio wa mota unabadilika nao, dakika hii inaguna dakika hii imetulia kabisa kama haina kazi. Nikasema fida, kile kifaa cha kulisha unga, ndo inaleta unga kwa mafungu mafungu. Nikaifungua na yenyewe, ilikuwa nzima.

Siku moja nikiwa nachota kwa koleo nikaingiza mkono chini kabisa ya lundo, unga ni wa baridi, umeshikana, ukiuminya unabaki na alama za vidole. Nikapanda juu ya lundo, kule jua linapopiga kupitia turubai, unga mkavu unapeperuka. Nikachukua sampuli tatu nikazikausha kila moja peke yake: juu 9%, katikati 13%, chini 19%. Na mimi siku zote nilikuwa nachota usawa wa kiuno, pale pale katikati, kwa sababu ndo panapofikika bila kuinama. 13% ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli ya sehemu moja tu ya lundo.

Ukilisha mchanganyiko wa namna hiyo ndani ya dakika moja dai inapata vitu viwili tofauti. Unga mkavu unasugua sana, tundu linakataa, joto linapanda, mota inaguna, peleti inatoka nyeusinyeusi na ngumu ila fupi yenye vumbi, na ukizidi ukavu tundu linaziba kabisa na hapo utakaa na drili siku nzima. Unga wenye maji mengi unafanya kinyume, maji yanakuwa kama kilainishi, unateleza kwenye tundu haraka kabla haujabanwa vya kutosha, na ukitoka nje yale maji yaliyo moto yanageuka mvuke ghafla na kuipasua peleti kutoka ndani, utaona imevimba, ina ngozi ya kukwaruza, ukiibonyeza inaachia. Kwenye gunia moja nilikuwa na zote mbili zimechanganyika, ndo maana kila nilichorekebisha kilisaidia nusu na kuharibu nusu nyingine. Ukikaza rola zile kavu zinaziba, ukilegeza zile mbichi zinatoka kama uji.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu sasa ni huu, kabla hujashika spana pima unyevu, na usipime mara moja, chukua sampuli tano kutoka sehemu tano na uziangalie kila moja peke yake, usizichanganye ukapata wastani maana wastani utakuficha tatizo kama ile 13% ya katikati ilivyonificha mimi wiki tatu. Zikipishana zaidi ya asilimia mbili hivi, rudi kwenye lundo kwanza.

Kupima hakuhitaji kifaa cha ajabu. Mizani inayosoma gramu na oveni. Weka gramu 200 za unga kwenye sinia, oveni nyuzi 105, kausha mpaka ukipima mara mbili uzito haubadiliki, tuseme umebaki gramu 172, maana yake maji yalikuwa gramu 28, gawanya kwa 200, ni 14%. Gawanya kwa uzito wa mwanzo, sio wa mwisho, hapa wengi wanakosea. Vile vipimo vya kuchomeka vyenye sindano mbili vinafaa kukupa picha ya haraka ila kwenye unga uliolegea vinadanganya, unga uliosindiliwa na usiosindiliwa vinasoma tofauti ingawa ni ule ule.

Na ukitaka kuongeza maji usikadirie kwa jicho. Kilo 100 za unga wenye 9%, ndani yake kitu kikavu ni kilo 91. Unataka ifike 13%, kwa hiyo hizo kilo 91 zinatakiwa ziwe 87% ya jumla, 91 gawanya kwa 0.87 unapata kama 104.6, maana yake unaongeza lita 4.6 tu. Watu wanamwaga ndoo! Nyunyiza kwa bomba la kupulizia huku mtu mwingine anageuza kwa koleo, afu funika uache ilale usiku, maji yanahitaji muda yaingie ndani ya chembe, ukilisha hapohapo yanakuwa yamekaa juujuu tu na utapata ile tabia ya unga mbichi ingawa kipimo kinasema sawa. Nilivyoanza kugeuza lundo lote, kuchanganya na kulaza usiku, sindano ya amita ikatulia siku ile ile ya kwanza. Nilisimama pale nikaiangalia kama dakika kumi hivi, sikuamini.

Sasa, unyevu ukishakuwa sawa na bado peleti ni mbovu, chukua peleti yenyewe uisome. Mi nafanya hivi, nachota kiganja kimoja zikishapoa (zikiwa moto usihukumu, zinatoka laini na huwezi hata kuzishika), nazipanga juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha naziangalia moja moja. Peleti nzuri ina ngozi laini yenye mng'ao, ukiivunja kwa mikono inakatika kwa mlio mkavu, tap. Afu natia chache kwenye glasi ya maji, peleti ya mbao iliyobanwa vizuri inazama moja kwa moja, ikielea ujue haikubanwa, imejaa hewa.

Nyufa nazo zina lugha yake. Peleti iliyojipinda kama ndizi na nyufa ziko upande wa nje wa mkunjo, hiyo mara nyingi ni kisu, kimekuwa butu au kiko mbali sana na dai, hakikati bali kinaivunja peleti kwa kuisukuma pembeni. Kisogeze au kinoe, ni kazi ya dakika tano, nashangaa watu wanavyoisahau. Nyufa zinazokatisha peleti kwa mlalo, kama imegawanywa vipande vipande vilivyoshikana kidogo, hapo kuna nyuzi ndefu za mti kwenye unga wako au tundu la dai ni fupi mno, kinachobanwa kinatanuka tena kikitoka. Ufa wa wima unaokimbia urefu mzima, malighafi ni laini yenye hewa nyingi inayorudi kuvimba, au imepozwa ghafla mno, ngozi imesinyaa na ndani bado moto. Na kuna ile ambayo nyufa zote zinaanzia sehemu moja kama miale, angalia pale katikati utakuta kipande kimoja kikubwa cha mti, kibanzi kilichopenya chekeche, kimekaa ndani kama jiwe kwenye tofali. Nimewahi kukitoa na pini, kilikuwa na urefu wa karibu nusu sentimita ndani ya peleti ya milimita 6, itashikaje?

Hapo ndo tunafika kwenye kusaga. Kwa peleti ya milimita 6 unga wangu napitisha kwenye chekeche la milimita 4, na nataka mchanganyiko wa chembe ndogo na za wastani, sio vumbi tupu, maana zile ndogo zinajaza mapengo ya zile kubwa. Ukiona ghafla peleti zimeota nywele, ngozi mbaya, fungua mashine ya kusagia uangalie chekeche kabla ya kitu kingine chochote, likitoboka tundu moja tu la kuingia kidole gumba linapitisha vibanzi vya kuharibu gunia zima na kwa nje huwezi kujua. Nyundo za hiyo mashine ya kusagia zikiisha makali nazo zinachana nyuzi badala ya kuzivunja. Na weka sumaku, tafadhali, kabla unga haujafika kwenye rola, msumari mmoja unaweza kukwaruza dai ukajuta.

Rola na dai nimeziweka mwisho makusudi. Nafasi kati ya rola na dai iwe ndogo sana, milimita 0.1 mpaka 0.3. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa kama 0.1 kwa hiyo mbili zikipita kwa shida uko pazuri. Namna nyingine, umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kabisa, zungusha dai kwa mkono, rola igusane kidogo tu, sehemu nyingine izunguke nyingine isizunguke. Ikigusa muda wote chuma kinakula chuma. Ikiwa mbali sana unga unatengeneza mkeka mnene juu ya dai, rola inateleza juu yake na unasikia joto la bure bila peleti. Na pima rola zote mbili, sio moja, rola moja ikiwa karibu na nyingine mbali upande mmoja wa dai unakula haraka na utapata peleti ndefu na fupi kwa pamoja.

Dai iliyochoka utaijua kwa kuangalia mdomo wa tundu, umepanuka kama tarumbeta na juu pana mfereji zilipokuwa zinapita rola. Ila kabla hujasema imechoka uliza kama ilikuwa inafaa tangu mwanzo. Kuna uwiano wa kipenyo cha tundu na urefu wake wa kubana, tundu la milimita 6 lenye urefu wa kubana wa milimita 30 ni 1 kwa 5. Urefu wa kubana sio unene wa dai, maana matundu mengine yamepanuliwa upande wa chini ili peleti ipite bure, kwa hiyo dai mbili zenye unene sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa. Mbao ngumu kwa kawaida zinasuguana sana na tundu zinataka fupi kidogo, mbao laini zinaweza kubeba refu zaidi, na chakula cha mifugo kinaenda refu zaidi ya hapo. Ukibadilisha aina ya mti ukabaki na dai ile ile tabia itabadilika, na hilo sio kosa la mtu.

Dai mpya nayo inahitaji kufunguliwa njia. Matundu yake yana ukwaruzo, ukilisha malighafi ya kawaida siku ya kwanza inaziba. Changanya unga, mafuta na mchanga laini kidogo, zungusha mchanganyiko huo huo tena na tena mpaka matundu yang'ae na utoke bila shida. Na kila ukifunga kazi pitisha unga wenye mafuta bila mchanga, ubaki ndani ya matundu usiku, kesho ukiwasha unatoka wenyewe. Ukiacha matundu na malighafi kavu inageuka kama zege. Zile peleti za mwanzo asubuhi, wakati dai bado baridi, zirudishe kwenye hopa (lile pipa la kumiminia unga) usiziingize kwenye gunia, hazijapata joto la kulainisha lignini na hakuna marekebisho yatakayozisaidia.

Kwa wanaotengeneza chakula cha mifugo nina machache, nimefanya kidogo tu. Huko unga unapitishwa kwenye mvuke kwanza, joto nyuzi 70 mpaka 85 hivi, na kila ukipandisha joto kwa nyuzi kama 11 kwa mvuke unaongeza takriban 1% ya unyevu, kwa hiyo ukiona peleti laini angalia kama mvuke wako ni mkavu au umejaa matone kutoka kwenye bomba. Mafuta ndo adui anayejificha, ukiongeza kwenye mchanganyiko kabla ya dai yanateleza ukutani na peleti haishiki, kama fomula inataka mafuta mengi sehemu kubwa ipulizwe juu ya peleti baada ya kutoka.

Kupoza. Hii nimeidharau muda mrefu na inaniuma. Peleti inatoka na nyuzi 80, 90, laini kama mkate, ndo maana ugumu wa kweli unakuja ikipoa. Mi nilikuwa natia kwenye gunia zikiwa vuguvugu ili niwahi, ule mvuke unakosa pa kwenda, unageuka maji ndani ya gunia, na asubuhi zile za juu zimevimba. Sasa nazitandaza kwenye wavu tabaka jembamba, feni ndogo inapuliza kutoka chini taratibu, mpaka ukishika huoni tofauti kubwa na hewa ya nje, ndo nazichekecha kutoa vumbi, ndo gunia. Na hapa niseme jambo ambalo halihusu ubora ila lazima niliseme, peleti za mbao zikirundikwa nyingi kwenye chumba kisichopitisha hewa zinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na watu wameshakufa kwenye stoo na kwenye matumbo ya meli kwa sababu hiyo. Fungua, acha hewa ipite, ndo uingie.

Kujua kama umefanikiwa usitegemee macho. Kipimo chenyewe kinachotumika ni gramu 500 za peleti zilizochekechwa, zinawekwa kwenye sanduku linalozunguka mara 50 kwa dakika kwa dakika 10, jumla mizunguko 500, afu zinachekechwa kwa chekeche la milimita 3.15 na unapima zilizobaki. Daraja la A1 la ENplus (cheti cha ubora wa peleti za mbao cha Ulaya) linataka 98% zibaki nzima, na unyevu wa peleti iliyokamilika usizidi 10%. Mi nimetengeneza sanduku langu la mbao lenye ubao mmoja ndani wa kuzigonga, mkono wa kuzungushia wa chuma, nazungusha mwenyewe nikihesabu. Halitanipa cheti ila linanipa namba, na leo nikilinganisha na jana kwa sanduku lile lile najua nimepanda au nimeshuka. Zile peleti za wiki tatu mbaya zilikuwa zinabaki gramu 430 na kitu. Baada ya lundo kuchanganywa, bila kugusa kingine chochote, 483.

Na hilo la bila kugusa kingine nalikazia. Badilisha kitu kimoja, endesha nusu saa, pima, andika. Ndo ubadilishe kingine. Mi wiki zile nilikuwa nabadilisha vitatu kwa mkupuo kwa sababu nilikuwa na haraka, na hata siku zilipotoka nzuri sikujua zimetokana na nini nikashindwa kuzirudia.

Daftari langu sasa lina safu sita, tarehe, aina ya mti, unyevu wa sampuli tano, ampea, joto la peleti ikitoka, gramu zilizobaki kwenye sanduku. Jana nimeandika 488. Bado gramu mbili kufika kwenye ile 98%, nashuku chekeche la kusagia, kesho nalifungua nikalitazame.